MAPUMZIKO YA WAWILI HUPANGWA NA WAWILI

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka kabla ya kulifikiria. Ni jambo la mume na mke kuacha nyumba, shamba na duka mwisho wa juma, wakaenda mahali penye maji na mchanga, wakakaa huko siku mbili tatu wao peke yao, kisha wakarudi.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, au ya watu wa sinema. Sikubaliani nao. Waswahili wa pwani walikuwa na fungate tangu zamani, nalo ni neno la siku saba. Maharusi walikaa ndani siku hizo bila kazi. Walipikiwa, walichotewa maji, na shughuli za nyumba zilishikwa na wengine. Wazee walifahamu kwamba watu wawili wanaoanza maisha pamoja wanahitaji muda ambao hakuna anayewaita. Kasoro yake ni moja. Fungate hutolewa mara moja tu, mwanzoni, wakati wawili hao bado hawajachoka. Baada ya miaka kumi ya ada za shule, kuuguza wazee na kushika jembe, ndipo hasa mtu anapoihitaji, na ndipo hakuna anayempa. Hapana budi ajipe mwenyewe.

Mwaka huu nilipita Isansa, wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, nikirekodi kipindi juu ya kahawa. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akigeuza kahawa kichanjani aliniuliza swali bila kuacha kazi yake. "Kaka mtangazaji," alisema, "hizo fukwe mnazozitaja redioni kila siku, za Zanzibar na Bagamoyo, ni za watu gani? Mimi na mzee wangu tuna miaka kumi na sita ya ndoa. Hatujalala pamoja nje ya nyumba yetu ila kwenye msiba."

Waliokuwepo walicheka, naye akacheka. Lakini swali lake si la kuchekwa. Hesabu mwenyewe, wewe unayesoma gazeti hili Tunduma, Vwawa, Mbeya au Dar es Salaam. Ni lini wewe na mwenzako mlisafiri pamoja bila kwenda kuzika, kuuguza au kuoza? Wengi watakuta hakuna hata safari moja. Na ndoa ambayo wawili hukutana tu juu ya matatizo, mwishowe kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye tatizo. Kwa hiyo leo nitajaribu kumjibu mama yule wa Isansa: ufukwe upo wapi, uendewe lini, kwa fedha zipi, na kwa tahadhari gani.

Tuanze na mahali. Mtu wa Mbozi akisikia neno ufukwe, mawazo yake hukimbilia Bahari ya Hindi. Lakini kutoka Mbozi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 900 za barabara kuu ya TANZAM, pamoja na msongamano wake wa malori. Ukitaka kufika Unguja, bado kuna boti ya kuvuka. Kwa anayesafiri kwa basi, karibu siku mbili zinakwisha kwenda na mbili nyingine kurudi. Mtu mwenye siku tatu hawezi kuzitumia nne njiani. Bahari na iwekwe kwa mwaka mwingine, wakati wa nafasi kubwa zaidi.

Ufukwe wa watu wa Songwe na Mbeya ni Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ziwa hilo ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika, na kina chake mahali penye kina kikubwa hufika karibu mita 700. Pale Matema pana mchanga, pana mawimbi, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inaporomoka hadi majini, hata jua la asubuhi huchelewa kuonekana kwa sababu ya milima hiyo. Hakuna maji kupwa na kujaa kama baharini, wala chumvi ya kuwasha macho. Mtoto wa Mbozi aliyezaliwa kwenye baridi ya mwinuko wa mita 1,500 hivi huteremka mpaka mita zisizofika 500, na hukuta nchi nyingine kabisa: joto, minazi, michikichi, mashamba ya kakao na ya mpunga.

Njia yake haina fumbo. Kutoka Isansa unafika kwenye barabara kuu, unapanda gari la kwenda Mbeya, kisha unakwenda kituo cha Nanenane ambako magari ya Tukuyu na Kyela hupatikana. Barabara inaachana na TANZAM pale Uyole, inapanda Rungwe kwenye migomba na chai, inapita Tukuyu, kisha inaanza kuteremka. Kabla ya kufika Kyela mjini, pale Kikusya, ipo barabara ya lami ya kilomita 39 hivi inayopitia Ipinda hadi Matema. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 200. Kwa magari ya kuungaunga, itengeeni siku nzima na muondoke alfajiri. Kwa gari lenu wenyewe, msidanganywe na uchache wa kilomita. Malori kati ya Tunduma na Mbeya hayana haraka yenu, na miteremko yake imeua watu wengi. Usijaribu kulipita lori mlimani ili uwahi kuogelea.

Jambo la pili ni wakati. Hapa watu wa Mbozi wana bahati ambayo wengi hawaioni. Kahawa huanza kuchumwa kuanzia mwezi Mei na kazi huendelea hadi Agosti au Septemba. Miezi hiyohiyo, hasa Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Nyasa na kuinua mawimbi makubwa. Mvua nazo huanza Novemba kwenda mbele, na bonde la Kyela hupata mvua nyingi sana, hasa Machi hadi Mei, hata mito ikafurika. Kati ya upepo na mvua kuna dirisha la Septemba na Oktoba. Kahawa imekwisha kuchumwa, malipo ya chama cha ushirika yameanza kuingia au yako njiani, mashamba ya mahindi hayajaanza kupandwa, na ziwa limetulia. Anayetaka siku tatu za amani azitafute hapo.

Lakini sikilizeni neno hili. Msiende siku ileile malipo ya kahawa yalipoingia. Fedha ya siku hiyo huwa na watu wengi wanaoidai: mwenye duka la pembejeo, mwalimu mkuu, fundi wa bati, na ndugu wa mbali aliyesikia kuwa umelipwa. Ukiondoka nayo kabla ya kuwalipa hao, utakwenda nao ufukweni kichwani mwako. Lipeni kwanza, nunueni mbolea ya msimu ujao kwanza, kisha mwende na kile mlichokitenga tangu mapema.

Hilo linatuleta kwenye jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: fedha na makubaliano.

Msikilizaji mmoja wa Vwawa aliwahi kuniandikia, na ameniruhusu kulieleza jambo lake bila kumtaja. Alitaka kumshangaza mkewe. Alipanga kila kitu kimyakimya, akalipia chumba Matema, na Ijumaa moja akamwambia mama watoto afunge nguo, kuna safari. Mke alifurahi hadi Uyole. Kuanzia hapo alianza kuuliza. Watoto wanalala na nani? Nani atanyeshea vitalu? Fedha imetoka wapi? Jibu la swali la mwisho lilikuwa kwamba imetoka kwenye bahasha ya sare za shule, na kwamba itarudishwa. Basi mke yule, kwa maneno ya mumewe, alikaa siku mbili mbele ya ziwa akilitazama kama mtu anayetazama deni. Hakuogelea, na samaki hakumaliza. Waliporudi walinuniana juma zima.

Mwanamume yule hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mkewe, na alitaka kumpumzisha. Lakini alisahau kwamba katika nyumba zetu nyingi mama ndiye mwenye hesabu ya mambo madogo yote: unga umebaki kiasi gani, nani anakohoa, kuku yupi anaatamia. Huwezi kumtoa mtu ghafla kutoka kwenye kazi hiyo ukasema umempumzisha. Umemtoa mwili tu; akili umeiacha jikoni ikimsubiri. Mshangao una mahali pake. Mshangaze kwa kitenge, au kwa kikombe cha chai kitandani. Safari ya watu wawili ipangwe na wawili.

Na mpango wenyewe si mgumu. Chukueni daftari. Mwezi wa nne, kabla ya msimu wa kahawa, kaeni usiku mmoja baada ya watoto kulala, muandike kiasi ambacho kila mmoja anaweza kukitenga kwa wiki bila kuumia. Tuseme kwa pamoja mnaweza kuweka shilingi 20,000 kila wiki. Baada ya wiki 20 mna shilingi 400,000. Kama uwezo wenu ni shilingi 5,000, mna 100,000, na safari yenu itakuwa fupi zaidi, lakini itakuwepo. Wekeni fedha hiyo mahali ambapo hakuna mmoja wenu anayeweza kuitoa bila mwenzake kujua, iwe kibubu chenye kufuli au kikundi cha kuweka na kukopa.

Kisha igaweni mafungu manne kwenye karatasi: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na dharura. Nauli ya kurudi itengwe kabisa, ifungwe kwenye kitambaa chake, kwa sababu aliyeishiwa fedha akiwa mbali na kwao hana raha hata akilala kwenye godoro la pamba. Fungu la dharura lisiguswe. Likirudi nyumbani zima, ndilo mwanzo wa safari ya mwakani.

Na jambo moja nalisema kwa msisitizo: msikope. Hasa msiguse ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Siku tatu za starehe haziwezi kuwa na thamani ya miezi sita ya kujificha kila pikipiki inaposimama nje ya mlango. Kama fedha haikutosha mwaka huu, fupisheni safari au isogezeni mbele. Ziwa lile halihami.

La nne ni nyumba mnayoiacha. Kwa wakazi wa mjini hili huonekana dogo, lakini safari nyingi hufia hapa. Tafuteni mtu mmoja wa kukaa na watoto, awe bibi, shangazi au dada mkubwa, na mumwombe wiki mbili kabla, kwa heshima, si kwa kumwachia watoto mlangoni. Mwachieni chakula cha siku zote, fedha kidogo, kadi za matibabu, na namba ya jirani mwenye usafiri. Mrudieni na zawadi. Kyela hakuna asiyejua mchele wake, na kilo chache za mchele huo humfanya bibi awaulize ninyi mtakwenda tena lini. Aliyebaki nyumbani naye amefanya kazi katika mapumziko yenu, na ni haki aione shukrani.

La tano ni malazi. Matema zipo nyumba za wageni za aina mbalimbali, zikiwemo zilizoanzishwa na Kanisa la Kilutheri, ambalo kazi yake katika sehemu hiyo ina zaidi ya miaka 100. Piga simu mapema na uulize maswali yote bila aibu. Chumba ni cha watu wawili au vitanda viwili vidogo? Choo ni cha ndani? Chandarua kipo, na hakina matundu? Umeme ukikatika inakuwaje? Chakula kinapikwa hapo au mnajitafutia? Vinywaji vya aina gani vinaruhusiwa? Kuna ukumbi wa muziki jirani? Maswali haya yanaonekana ya kibahili, lakini wawili waliokwenda kutafuta utulivu wakalazwa ukuta mmoja na spika za disko wamepoteza fedha yao.

Kuhusu malipo ya awali, muwe waangalifu. Siku hizi matapeli hutumia picha nzuri za hoteli na namba ya simu yao wenyewe. Usitume fedha kwa namba uliyoiona mahali pamoja tu. Mtafute mtu aliyewahi kulala pale, au dereva wa njia ile, athibitishe namba. Jina linalotokea kwenye simu unapotaka kutuma fedha lilingane na lile uliloambiwa. Tanguliza kiasi kidogo, kilichobaki ulipe ukifika na kukiona chumba.

La sita ni usalama wa majini, na hapa nawaomba wasomaji wa nyanda za juu wasikilize kwa makini. Sisi tuliokulia milimani wengi wetu hatujui kuogelea, na wala si aibu. Aibu ni kujifanya tunajua mbele ya mke au mume. Ziwa Nyasa si bwawa. Mahali pengine ardhi hukatika ghafla chini ya maji, na upande wa milima kina ni kikubwa karibu kabisa na nchi kavu. Asiyejua kuogelea aishie maji ya kiunoni, pale wenyeji wanapooga, na mwenzake awe karibu. Aliyekunywa pombe asiingie majini kabisa. Mkipanda boti au mtumbwi, ulizeni jaketi la kuokolea maisha kwanza. Kama hakuna, bakini nchi kavu. Na mawimbi yakianza kuinuka, mwacheni mvuvi mwenyeji aamue. Mvuvi akisema leo hapana, ni hapana.

Tena kuna mamba. Si kila mahali, lakini midomo ya mito mikubwa inayoingia ziwani, kama Lufilyo, si mahali pa kuoga wala pa kufulia. Ulizeni wenyeji sehemu salama kabla ya kuvua viatu.

Ugonjwa wa kichocho nao haupo kwenye maji ya bahari, ila upo kwenye maji yasiyo na chumvi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye matete na maji yaliyotulia, na hupenya kwenye ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Ogeni mahali pa wazi penye mchanga na mawimbi, mbali na matete, na jikausheni vizuri mkitoka. Anayeona damu kwenye mkojo au choo majuma au miezi baadaye asikae nyumbani kuona haya, aende akapimwe. Dawa yake ipo, na inaponya.

Malaria nayo inahitaji maneno yake. Mbozi ina mbu, lakini Kyela ni bonde la joto na maji, na mbu wake ni wengi zaidi. Laleni ndani ya chandarua usiku wote, na jioni vaeni mikono mirefu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba malaria haijitokezi palepale. Mtu huumwa na mbu Jumamosi, akarudi kwake akiwa mzima, na homa ikaja siku kumi au zaidi baadaye, wakati ameshasahau kuwa alisafiri. Basi husema ni baridi ya Mbozi, au ni uchovu wa shamba, akameza dawa ya maumivu na kulala. Wako waliopoteza maisha kwa kuchelewa hivyo. Homa yoyote katika mwezi mmoja baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo, na mganga aambiwe: nilikuwa Kyela. Mama mjamzito, hasa mwenye mimba changa, azungumze na kliniki yake kabla ya kuondoka. Mkiugua hukohuko, Matema ina hospitali ya kanisa.

Msione nimetaja mamba, kichocho na malaria mkadhani nawakataza. La hasha. Mwenye kujua hatari huzikwepa, kisha hupumzika kweli. Asiyejua ndiye anayekaa na wasiwasi.

Sasa tumefika. Tufanye nini siku mbili hizo? Jibu langu ni: machache. Kosa la wasafiri wapya ni kutaka kuona kila kitu. Njiani wanataka kusimama Daraja la Mungu, wapande Ngozi, wapige picha kwenye chai, na mwisho wanafika Matema usiku wakiwa hoi, wakilaumiana. Chagueni jambo moja kwa siku. Mkiwepo Jumamosi, asubuhi nendeni soko la Lyulilo, karibu na Matema, mkaone vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Ikombe na vijiji vya jirani huvifinyanga kwa mkono, huvisugua hadi vikang'aa, huvichora, kisha huvisafirisha kwa mitumbwi. Nunueni kimoja. Kitapika maharage nyumbani kwenu miaka mingi, na kila kikifunuliwa mtakumbuka mlikotoka nacho. Mchana kuleni mbasa, samaki ambaye watu wa Kyela humsifia wageni, pamoja na wali wa kwao. Jioni tembeeni mchangani bila viatu.

Na simu? Kubalianeni kabla ya kuondoka. Mpigieni bibi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, mjue watoto wamekula na wamelala. Saa nyingine zote simu zizimwe. Nimeona watu wawili kwenye meza moja mbele ya maji mazuri, kila mmoja akimtazama mtu mwingine kwenye kioo chake. Hao wangeweza kubaki nyumbani na kuokoa nauli.

Zungumzeni. Si juu ya madeni, si juu ya mawifi. Ulizaneni mambo ambayo hayana nafasi nyumbani. Unachoka na nini siku hizi? Ni nini ninachokifanya ambacho unatamani nikiache? Tukizeeka tungependa kuishi wapi? Wengine wataona haya mwanzoni, kwa kuwa wamezoea kuzungumza kwa kuagizana tu. Msiharakishe. Hata kukaa kimya pamoja, bila mmoja kuwa na kazi mkononi, ni jambo geni katika nyumba nyingi, na lina faida yake.

Mwisho kabisa, wapo watakaosema: mtangazaji, hata hiyo 100,000 hatuna. Kwao nasema mapumziko hayapimwi kwa kilomita. Mbozi kuna kimondo, kile kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, chenye urefu wa mita tatu hivi, kilichopo Ndolezi. Watu hutoka nchi za mbali kuja kukiona, na wako wana-Mbozi walioishi miaka hamsini bila kukitia machoni. Mtu na mkewe wakibeba chai kwenye chupa, viazi vitamu na kanga ya kukalia, wakaenda asubuhi na kurudi jioni, wamepata siku moja ambayo hakuna aliyewaita. Kanuni zake ni zilezile: wapange wote wawili, watoto wawe na mtu, na fedha itoke mahali ambapo wote wanapajua.

Kwa mama yule wa Isansa, jibu langu ni kwamba fukwe hizo ni zake pia, na ulio karibu naye zaidi uko mwendo wa siku moja kutoka kwenye kichanja chake. Kwa mzee wake nina ombi dogo. Msimu ujao, kabla mbuni hazijaiva, mwulize mama anataka kwenda wapi. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.